Mlango Ulikuwa Wazi

Yulita alikuwa amefika nusu ya dengu za sikukuu, mawe upande huu, maganda upande ule, pale mpiga mbiu wa serikali alipopita na tarumbeta akitangaza kwamba leo mlango utafunguliwa na wananchi wote watafurahi.

Hakuinua kichwa. Mbiu katika mji ule zilipita mara nyingi kuliko wachota maji, na mtu akiinua kichwa kwa kila mbiu, dengu zitapikwa na mawe yake. Mumewe Trifoni, aliyekuwa amekaa pembeni akikata vitunguu, ndiye aliyeweka kisu chini.

"Mlango wetu?"

"Kwani tuna mwingine?"

Trifoni alifikiri kidogo, kisha akarudi kwenye vitunguu vyake. "Wamechelewa," alisema. "Nimeshazoea kutambaa."

Ili tusimwonee mtu yeyote, ni vizuri kueleza mambo yalivyofuatana.

Dola ile ilikuwa na upungufu wa vitu vingi, mvua, chumvi, wanaume wenye mikono miwili, lakini haikuwahi kupungukiwa na Kaisari. Walikuja kwa wingi, na kila mmoja alikuja kwa ajili ya kuleta utulivu. Sanamu ya Kaisari iliyosimama sokoni ilitengenezwa kwa kuzingatia hali hiyo: mwili ulikuwa mmoja, na kichwa kilikuwa cha kuchomoa. Kaisari mpya akishika kiti, fundi alipanda ngazi, akachomoa kichwa cha jana na kuchomeka cha leo. Vichwa vya zamani vilipelekwa kuzuia maji kwenye mitaro, na kazi hiyo viliifanya vizuri.

Katika mtaa wa waokaji kulikuwa na Nyumba ya Mama Mpakuzi. Mungu huyu alichongwa akiwa ameshika upawa, na dini yake ilikuwa nyepesi kuelezeka. Siku ya sikukuu chungu kikubwa kiliinjikwa barazani, mlango ukaachwa wazi, na kila aliyepita alikula dengu, awe anamwamini Mama au hamwamini. Watu waliimba, "Njooni kwa Mama Mpakuzi, kingali cha moto." Wakishiba walikwenda nyumbani. Hapakuwa na zaidi.

Kisha akaja Kaisari Mwokozi. Huyu aliiokoa Dola kutoka kwa mjomba wake, mjomba akiwa mezani, na kwa kuwa alijua kwa uzoefu mambo yanayoweza kupangwa watu wakila pamoja, aliagiza kwamba raia wasile zaidi ya wawili mahali pamoja. Watu wa Mama Mpakuzi walikuwa watiifu. Walianza kula wawili wawili, mmoja akimlisha mwenzake kwa upawa, maana vijiko vyao vya shaba vilikuwa vimechukuliwa kuyeyushwa. Waliosubiri zamu waligeukia ukutani, ili askari akichungulia asije akawahesabu kuwa wamo karamuni.

Akafuata Kaisari Mrejeshaji, aliyerejesha kila kitu isipokuwa waliouawa. Yeye aliona majina ya miungu ya mitaani yanauchosha mji, akayapiga marufuku. Mama Mpakuzi akaanza kuitwa Yule. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa ndani ya wimbo, wimbo ukaimbwa midomo ikiwa imefungwa.

Baada yake alikuja Kaisari Mtulizaji, ambaye aliituliza mikoa ya kaskazini hadi ikanyamaza kabisa. Huyu aliagiza milango ya nyumba zote za miungu ipigiliwe mbao na kutiwa lakiri. Agizo lake lilitaja milango. Halikutaja tanuri. Nyumba ya Mama ilikuwa na tanuri la mikate lililojengwa ndani ya ukuta, mdomo mmoja uchochoroni kwa ajili ya kuni, mdomo mwingine ndani kwa ajili ya mikate. Trifoni alilizima, akalifagia, akawa wa kwanza kupita kwa tumbo. Alitokea upande wa pili mweusi kama sufuria, na watu walicheka mpaka wakakumbuka kwamba kucheka nako kulikuwa kunasikika nje.

Hayo yote Yulita aliyaona. Lakini watu huzaa, na watoto hukuta mambo yakiwa yalivyo. Zosima, binti wa jirani, alizaliwa mwaka ule wa lakiri. Hakuwahi kuona mtu akila na mtu wa tatu, wala hakuwahi kusikia wimbo ukiwa na maneno. Alipokuwa mtu mzima alieleza wenzake kwamba kugeukia ukutani ni kuupa kisogo ulimwengu wa uongo. Kwamba mtu hulishwa na mwenzake kwa sababu ukweli haujilishi. Na kwamba tanuri ni kaburi na ni tumbo la uzazi, mtu huingia amekufa na kutoka amezaliwa. Vijana walipotokeza upande wa pili wakiwa na masizi, walilia machozi ya kweli. Yulita alisikiliza, akaona maneno yenyewe ni mazuri, hakumsahihisha mtu. Tena alikuwa na dengu za kuchambua.

Kaisari wa wakati huo aliitwa Mpatanishi, na ndiye aliyeagiza mlango ufunguliwe. Sherehe iliongozwa na Mkaguzi Veranio wa Idara ya Mambo Yaliyofichika, mtu mnene, mpole, aliyepangusa jasho kwa kitambaa safi. Mbao na lakiri alizibandua yeye mwenyewe bila shida, kwa kuwa enzi ya Mtulizaji ni yeye aliyezibandika na alikumbuka misumari ilipo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mlango huu ulizibwa na utawala uliopita, ambao kuanzia leo asubuhi tunaulaani. Unafunguliwa na utawala uliopo, ambao tunaushukuru, na tutaendelea kuushukuru kwa kadiri utakavyoendelea kuwapo. Hakuna tena sababu ya raia kujificha. Asiye na cha kuficha, na aingie."

Watu walipiga makofi. Wazee walimshika mkono. Akina mama walisifu bawaba, jinsi zilivyopakwa mafuta. Kisha wote wakaaga kwa adabu, wakazunguka nyuma, wakaingia uchochoroni, wakapanga foleni kwenye tanuri.

Hakuna aliyekusudia dharau. Yulita mwenyewe alikuwa kwenye foleni ile na hakufikiria mlango hata kidogo. Miguu ilikwenda kule ilikokwenda siku zote. Veranio akabaki barazani, mkono ameunyoosha kuwakaribisha, akitazama ukumbi mtupu, mpaka alipoona watu wakiibuka kutoka ukutani mmoja baada ya mwingine, weusi, kimya, wakimpa mgongo.

Trifoni ndiye aliyekuwa na bahati mbaya. Chungu kilikuwa kinachemka naye akagundua chumvi imesahaulika, basi akatambaa kurudi nje. Alipotokeza kichwa uchochoroni, akiwa ameshika ukingo wa tanuri kwa kiganja cheusi, alikutana na viatu vya Mkaguzi.

Walimchukua hivyo hivyo, na masizi yake.

Siku iliyofuata Yulita alikwenda Idarani. Veranio alimpa kiti, akaagiza aletewe maji, akamsikiliza bila kumkatiza. Yulita alimweleza yote kwa mpangilio: agizo la kula wawili, agizo la jina, agizo la lakiri. Alimweleza habari ya chumvi.

"Mama," Veranio alisema alipomaliza, "nakuamini kwamba ndivyo ulivyoambiwa. Lakini nisaidie jambo moja. Mlango uko wazi. Nimeufungua mimi. Mtu mzima anauacha, anakwenda kupita tanurini kwa tumbo. Kwa sababu gani?"

Yulita alisema ni mazoea. Lakini hata masikioni mwake mwenyewe yalisikika kama uongo wa mtu asiyejua kudanganya.

"Unaona," Veranio alisema kwa huruma. Akafafanua kwamba Kaisari Mpatanishi hana ugomvi na dini yoyote. Anachotaka ni kila dini ikabidhi siri yake serikalini, ikatunzwe kitaalamu. Mumewe akiitoa, atarudi nyumbani. Asipoitoa, siku ya kuadhimisha kutawazwa kwa Kaisari atanyongwa uwanjani pamoja na wengine waliokosa ushirikiano. Alimsindikiza Yulita mpaka mlangoni na kumwonya juu ya ngazi, moja ilikuwa imelegea.

Gerezani Trifoni alikuwa ameegemea ukuta. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki.

"Umeleta chumvi?" aliuliza.

Yulita alikaa karibu naye. Hakulia, kwa kuwa askari alikuwa anatazama na Trifoni asingependa.

"Niliwaambia hakuna siri," Trifoni alisema. "Wakasema wote wenye siri husema hivyo. Basi nikawapa mapishi. Dengu, kitunguu, bizari, mafuta. Wakaandika. Halafu wakaniuliza kitunguu ni nani."

"Ukawaambiaje?"

"Nikasema ni kitunguu. Ndipo mkono ukawa hivi."

Yulita alimsihi adanganye. Aseme lolote, atunge kitu, awape wanachotaka. Trifoni alitikisa kichwa. "Nikitunga moja watataka la pili. Nikitoa la pili watataka la tatu, na huko mbele nitataja watu. Najijua. 'Hakuna' ndilo neno pekee lisilo na mtu ndani yake. Wewe tunga, mke wangu. Wewe hawajakushika. Nenda na akina Zosima, wale watoto, mkatunge kitu kizuri, ukiniletea nitakiapia."

Basi Yulita aliwaita watu wa Mama, wakaja kwa tanuri, wakakaa ukumbini migongo kwa migongo. Akawaambia hali ilivyo na anachohitaji: siri, yoyote, mradi iwe na sura ya siri.

Zosima aliuliza kwa sauti ndogo Trifoni amesema nini hasa alipoteswa.

"Amesema hakuna."

Zosima alipiga magoti, na vijana wengine wakafuata. Yulita hakuelewa mpaka alipowatazama nyuso.

"Hakuitoa," Zosima alisema. "Wamemvunja mkono na hakuitoa."

"Mwanangu, hakuna cha kutoa. Mimi niliyashuhudia yote. Lile tanuri ni kwa sababu mlango ulizibwa."

"Mama Yulita, miaka yote hiyo uko naye chumba kimoja," Zosima alisema, na kwa kweli hakukusudia kumuumiza, "na hata wewe hakukuambia?"

Mzee Gordio, mshona viatu, ambaye enzi za kula barazani alikuwa akila bakuli mbili na kuomba ya tatu, naye alikuwa amegeuka mcha Mungu. Aliuliza inakuwaje mke atake kuiuzia Idara kitu ambacho mumewe anavunjwa mifupa kwa ajili yake. Yulita alimkumbusha zile bakuli. Gordio alijibu kwamba ndiyo, alikula, lakini wakati ule hakujua anakula nini.

Hawakumsaidia. Walivuma wimbo, midomo imefungwa, kwa ajili ya Trifoni, na pale ndani ni Yulita peke yake aliyekuwa bado anayakumbuka maneno yake.

Akatunga mwenyewe. Alikaa na ungo mapajani, akachambua na kufikiri, na dengu ndiyo iliyompa njia. Ukiimenya inagawanyika nusu mbili. Basi ulimwengu ni dengu: nusu moja iko huku chini, nusu nyingine juu, na roho ya mwanadamu ni ganda lililozishika pamoja kabla hazijaachana. Aliipitia mara kadhaa, akaona inasimama. Hata aliipenda kidogo.

Veranio aliisikiliza mpaka mwisho, akahema, akafungua kabati lililojaa ukuta mzima.

"Tunayo," alisema. "Wafinyanzi wameileta kwa chungu kilichopasuka. Watu wa mtini wameileta kwa yai. Wale wa mtoni wanasema ni kivuli na mwenye kivuli. Zote zina nusu mbili, mama, na zote zimeletwa na wake wa wafungwa. Nasoma mpaka macho yanauma." Alifunga kabati. "Ni mume wako tu aliyesema kitu kipya. Tumemuuliza kwa kila njia inayoruhusiwa, na anarudia lile lile. Hakuna. Nimeanza kuliota."

Veranio alipangusa jasho, na kwa mara ya kwanza hakusema kama ofisa.

"Nimetumikia Kaisari wanne. Kila mmoja nilimwapia milele. Sasa namwona mpishi amevunjwa mkono, ana neno moja, na halibadilishi. Nataka kulisikia kwa utaratibu wenu, pale pale, kama mnavyolisikia nyinyi. Nikilisikia nitakuwa ndugu yake, na sheria hainiruhusu kumnyonga ndugu."

"Utamtoa siku hiyo hiyo?"

"Nitatoka kwenu nikiwa nakwenda gerezani."

Hapo Yulita angeweza kumwambia tena ukweli. Lakini ukweli alikuwa ameshausema, tena kwenye kiti hicho hicho, na haukumsaidia mtu.

Zosima na wenzake walipopata habari kwamba Mkaguzi anataka kuzaliwa upya, walishukuru na kulifagia tanuri kwa mikono yao. Veranio alikuja mchana akiwa na vazi lake rasmi. Aliingia kichwa kwanza. Kifua kilipita, tumbo likagoma, na vijana walimvuta kwa mikono wakimwambia kwamba ndivyo ilivyo, kuzaliwa si kazi ndogo. Alitua sakafuni mweusi, kifungo cha vazi kimekatika. Wote waligeukia ukutani. Yulita alichota dengu kwa upawa, akampulizia, akamlisha kama mtoto, kisha akainama sikioni mwake.

"Hakuna," alimnong'oneza.

Veranio alisubiri.

"Hakuna," Yulita alirudia, akimkumbuka aliyemwachia neno hilo.

Mkaguzi alilia. Alilia kwa muda mrefu kuliko Yulita alivyoweza kuvumilia, kisha akasema kwamba alijua, kwamba siku zote alijua, na sasa anakwenda kumtoa ndugu yake.

Mlango ulikuwa wazi, hatua chache kutoka aliposimama. Mwanga wa barabara ulikuwa umelala sakafuni mpaka karibu na miguu yake. Veranio alimpita Yulita, akainama, akaingia tanurini.

Safari hii alikwama kweli. Vijana walimsukuma, wengine wakazunguka uchochoroni kumvuta. Wakaleta mafuta. Yulita alisimama akiitazama miguu ya mtu mwenye funguo za gereza ikirusharusha visigino, akamwambia apite mlangoni, akasema tena kwa nguvu. Ama hakumsikia, ama aliona ni jaribu la mwisho. Na akiwa bado amekwama, tarumbeta zililia kutoka upande wa kasri, zile ndefu, ambazo kila mwenyeji wa mji ule alizifahamu.

Kaisari Mpatanishi alikuwa amepatanishwa na mababu zake, kwa mikono ya walinzi wake mwenyewe. Kaisari mpya aliitwa Mwangaza. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba katika utawala wake hapatakuwa na mfungwa hata mmoja, na askari wa gereza, ambao walitaka kuanza vizuri na bwana mpya, walilitimiza jambo hilo kabla ya jua kuzama, kwa njia iliyokuwa ya haraka zaidi.

Veranio angepita mlangoni, huenda angefika. Hatuna hakika. Barabara ya gereza ina mteremko, na mtu mnene akiteremka huenda kasi.

Trifoni alizikwa na wengine nje ya ukuta. Askari mmoja, mwenye moyo, alikuja kumwambia Yulita maneno yake ya mwisho. Walimuuliza kama ana la kusema. Alisema hakuna. Zosima, aliyekuwepo, alifunika uso kwa viganja.

Sasa Yulita alikuwa ukumbini anachambua dengu za matanga. Mbele yake, kwenye mkeka, alikaa Veranio, ambaye Idara mpya ilikuwa inamtafuta kwa kosa la kuwa wa Idara ya zamani. Alikuwa amejificha mle ndani tangu siku ile, na aliomba apewe kazi. Hakuiweza. Mawe aliyaacha, dengu nzima alizitupa, na Yulita alirudia kila rundo lake bila kusema kitu.

Sokoni fundi alikuwa juu ya ngazi. Mpiga mbiu alipita. Kaisari Mwangaza, alisema, amegundua kwamba uovu wote wa utawala uliopita ulipitia kwenye matanuri, hivyo kesho asubuhi waashi watakuja kuziba kila tanuri lililo ndani ya nyumba ya mungu. Milango itabaki wazi kwa furaha ya wananchi.

Haukupita muda wakaja Zosima, Gordio na wengine. Walitokea tanurini kama kawaida, wakasimama wakiwa na masizi, na wasiwasi ulikuwa umewajaa.

"Mama Yulita," Zosima alisema, "kesho tutapita wapi?"

Upepo uliingia kwa mlango ukapeperusha maganda kwenye ungo. Yulita aliyazuia kwa mkono.

"Kuna mlango," alisema.

Walitazamana. Hakuna aliyetaka kumkosea adabu mjane. Mwishowe Gordio alikohoa, akasema kwa upole kwamba Trifoni hakupita hapo. Siku ile ulikuwa wazi, na Mkaguzi mwenyewe alimnyooshea mkono, na Trifoni hakupita.

Veranio aliinamisha kichwa, akasema ni kweli.

Yulita aliweka ungo chini. Alitaka kuwaambia kwamba Trifoni alisahau chumvi. Badala yake aliinuka, akatoka nje kwa mlango, mbele ya macho yao, akazunguka uchochoroni peke yake. Alitaka tu kuliona tanuri kabla halijazibwa. Ukingo wake ulikuwa umepakwa chokaa kwa sikukuu ile, na juu ya chokaa palikuwa na alama ya kiganja cheusi, vidole vyote vitano vimenyooka, pale Trifoni aliposhika ili atokeze kichwa. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Aliweka wake juu yake. Ulikuwa mdogo, ukaenea ndani.

Kisha akapiga magoti, akaingia. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya mikate ya zamani, na hakuharakisha. Alipotokea upande wa pili wote walikuwa wamegeukia ukutani wakivuma, Veranio pia. Alikaa mkekani bila kujifuta, akatazama gunia la dengu. Lilikuwa bado robo tatu.

"Funikeni hizi zisiingie vumbi," aliwaambia, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Nitaendelea kesho. Na wewe Zosima, mwanangu, kesho uje mapema, kabla ya waashi, tuangalie paa."